Madai ya Shaba Iliyomo Ndani ya Mbwa Wangu

Kwa Mkuu wa Hospitali ya Wanyama,
Jengo lenye geti la kijani lisilofungika.

Ndugu Mkuu,

Baada ya salamu, ambazo nazitoa kwa moyo mweupe hata kwa wale nitakaowataja hapa chini kwa ubaya, naomba unisome mpaka mwisho. Mimi ni fundi shaba wa mtaa wa nyuma ya soko. Ukipita pale ukasikia kelele za nyundo mpaka ukasahau ulichokuwa unaenda kununua, ujue umefika karakana yangu. Shule nilisoma hadi pale alipochoka mwalimu, si mimi. Kwa hiyo ukikuta koma mahali pasipofaa, ihamishe mwenyewe, usinirudishie barua.

Nalalamika juu ya daktari wako mmoja, yule mwembamba mwenye miwani na koti jeupe lililochanika mfuko. Kabla hujaambiwa na wambea, ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Nimembeba mgongoni kabla hajajua kuvaa viatu, na alinikojolea. Hilo silileti kama lalamiko. Nalitaja tu ili ujue kwamba ugomvi wetu una historia.

Mgonjwa ni mbwa wangu, anaitwa Mkaguzi. Jina amelipata kwa haki: hakuna kikapu kinachopita mlangoni kwangu bila yeye kutia pua ndani. Ni mbwa wa asili ya kigeni, rangi ya chai ya maziwa, masikio yameanguka kama ya mtu aliyepewa habari mbaya. Kazi yake ni kulala chini ya meza yangu, jirani na fuawe, kile chuma ninachogongea. Katika nyumba yangu nzima yeye ndiye kiumbe pekee anayevumilia kelele zangu, za nyundo na za mdomo. Mke wangu huziba masikio. Mkaguzi hupiga mkia sakafuni kufuata nyundo. Nikiongeza mwendo, anaongeza. Nikikosea, ananitazama.

Basi hivi karibuni aliacha kula. Akatapika kwenye mkeka, akawa anakunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, akakonda hadi ngozi ikamning'inia kama koti la kuazima. Kisha weupe wa macho ukageuka njano. Nikagonga nyundo kumchangamsha. Mkia haukutikisika. Nikagonga tena, kwa nguvu, nikaharibu birika la watu. Mkia kimya. Hapo ndipo nilipomwita mpwa wangu, na hapo ndipo mateso yangu yote yalipoanza. Nayapanga kwa namba usije ukasema nimekuchanganya.

LA KWANZA: KUKASHIFIWA KWA SHABA

Alimpima, akamtoa damu, akaondoka nayo. Aliporudi na majibu akavua miwani. Daktari akivua miwani kabla ya kusema, kaa chini.

"Mjomba," akasema, "ini la Mkaguzi linaumwa, na nadhani limejaa shaba."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mafundi wote mjini wanalia hawapati shaba, wewe umeikuta kwa mbwa?"

Hakucheka. Akaniketisha kwenye gogo langu mwenyewe akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto wa chekechea. Kwamba shaba kidogo imo karibu katika kila chakula, na mwili unaihitaji hiyo kidogo. Kwamba inayozidi, ini huitoa nje kupitia nyongo. Lakini mbwa wa aina yake, baadhi yao, huzaliwa na ini lisilojua kutoa. Shaba inaingia, inakaa, inarundikana, mwisho inaliunguza ini lenyewe.

"Ini lake ni bahili, Mjomba. Linapokea tu, halitoi."

Hapo nilielewa upesi, maana nina shemeji wa namna hiyo. Lakini nakuuliza wewe, Ndugu Mkuu, mtu mzima mwenye ofisi: bahili akijaza mali chumbani hadi ikamwangukia, utaishtaki mali? Mimi nimeishi na shaba tangu ndevu hazijaota. Nimeigonga, nimeinusa, nimeila pamoja na mkate kwa uvivu wa kunawa mikono. Ini langu halijatamka neno. Naomba daktari wako aiombe shaba radhi hadharani, mbele ya karakana, kwa sauti ya kuishinda nyundo.

Nilimuuliza pia kama mbwa atapona. Akasema, "Akishika masharti ataishi. Asiposhika, hafiki mbali. Na masharti ni yako, Mjomba, si yake." Unaona anavyozungumza na mkubwa wake?

LA PILI: KUKAMATWA KWA BAKULI

Mkaguzi alikuwa na bakuli lake la shaba nyekundu, kazi ya mkono wangu. Nililigonga mwenyewe, mdomo nikaukunja vizuri, pembeni nikamchorea mfupa. Kila asubuhi nililisugua kwa ndimu na chumvi hadi ukiinama juu yake unaona jinsi ulivyozeeka. Maji yake yalishinda humo na kulala humo.

Mpwa wangu akaliinua, akatazama ndani, akaniuliza kwa upole wa kutisha, "Mjomba, hili umelitia bati?"

Wewe ni mtu wa mifugo, kwa hiyo nikufahamishe. Chombo cha shaba hakiuzwi hivi hivi. Unakipasha moto juu ya makaa, unayeyusha bati humo, unalisambaza kwa pamba haraka haraka kabla halijaganda na kukuaibisha, mpaka ndani pote panakuwa peupe. Bila bati shaba hupenya kwenye chakula, hasa chenye ukali wa ndimu, mchuzi ukawa na ladha ya ufunguo na mlaji akashika tumbo. Hiyo ndiyo heshima ya kazi yetu. Katika maisha yangu sijamuuzia binadamu chombo kisicho na bati, hata mwenye nyumba wangu, ambaye sababu za kumuuzia nilikuwa nazo.

Lakini mbwa! Bati la nini? Mbwa hateti habari ya ladha, na bati lingeufunika ule wekundu mzuri. Basi nikajibu kwa fahari, kifua mbele: "Hakuna bati hata tone. Shaba tupu! Kwa Mkaguzi mimi sina ubahili."

Mpwa wangu akamtazama mbwa, kisha akanitazama mimi. Akamwaga maji. Akalitumbukiza bakuli kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo, kama polisi aliyekamata kisu. Nikageuka kwa mke wangu nipate msaada. Mke wangu akasema, "Chukua, mwanangu. Nenda nalo mbali."

Nataka bakuli langu lirudi, likiwa limeng'arishwa.

LA TATU: MAINI

Jirani yangu muuza nyama alikuwa akimpa Mkaguzi kipande cha ini kila asubuhi, na Mkaguzi akikila hapo hapo mbele ya wateja kwa madaha. Lilikuwa tangazo zuri. Sasa daktari wako amepiga marufuku. Si maini tu: na figo, na kamba wa baharini, na karanga, na maharage, yote eti yamejaa shaba. Muuza nyama akamwita mbwa kama kawaida, mbwa akazuiwa kwa kamba, wateja wakaona. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Nyama ambayo hata mbwa anazuiwa, sisi tunauziwa?" Tangu siku hiyo muuza nyama hanisalimu kwa mdomo, ananisalimu kwa kisu.

Bado lipo la kushangaza zaidi. Ili kuhakikisha hiyo shaba, walimlaza Mkaguzi usingizi hapo hospitalini kwako, wakamwingiza sindano ndefu, wakamega kipande cha ini lake, kidogo kama punje ya mchele, wakakipeleka kwenye mashine. Sasa fikiri mwenyewe. Wanamkataza yeye kula maini, halafu wao wanachukua la kwake! Muuza nyama nilipomsimulia alifurahi kwa mara ya kwanza, akasema angalau yeye maini yake huyauza kwa mizani inayoonekana.

Majibu yakaja kwamba ni shaba kweli, nyingi mno. Sikatai. Nilijua mbwa wangu ana thamani.

LA NNE: SAHANI

Baada ya bakuli kukamatwa, mke wangu alifungua kabati la kioo. Kabati hilo lina sahani za maua ya waridi tulizopewa tulipooana, ambazo mimi sijawahi kuruhusiwa kuzigusa isipokuwa kuzifuta vumbi. Akatoa moja, akaiweka sakafuni. Humo Mkaguzi anatiliwa wali mweupe na yai la kuchemsha lililokatwa vipande vidogo kwa kisu, si kwa vidole. Kidonge kwanza, tumbo likiwa tupu, halafu tunangoja, halafu chakula. Mimi nakula chakula changu kwenye sahani ya plastiki iliyoungua pembeni, na hupakuliwa mwisho. Juzi nikasema, "Mama watoto, na mimi nina njaa." Nikajibiwa, "Wewe ini lako zima. Subiri."

LA TANO

Limefutwa. Mke wangu amepita nyuma ya bega langu.

LA SITA: WIZI WA UFUNDI

Hapa, Ndugu Mkuu, shika kiti.

Mpwa wangu alinieleza mpango mzima. Vidonge vya sasa hivi vinaingia, vinaishika shaba ilipojificha, vinaiburuta nje kwa njia ya mkojo. Vizuri. Akaendelea, "Ikishapungua, Mjomba, tutaacha hivi tumpe zinki. Zinki inaufanya utumbo wenyewe uizuie shaba isipite kuingia mwilini."

Nikaweka nyundo chini. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Madini meupe, yanayowekwa kwa ndani, ili shaba isipenye! Hiyo ni kutia bati! Huyu binti anamtia bati mbwa wangu kwa ndani, na hajakaa hata siku moja mbele ya mvukuto kupuliza makaa! Mimi ufundi huu nimeupata kwa kuungua vidole na kuzabwa makofi na baba yangu mbele ya wateja. Yeye kaupata wapi? Kwenye vitabu, amekaa, chini ya feni!

Nikamwambia, kama ni kutia bati, kwa nini tuwasumbue watengeneza vidonge? Bati ninalo, makaa yanawaka, pamba hii hapa. Sikuwa nimesema nitamfanyaje mbwa. Nilikuwa natoa wazo tu, kama mtaalamu kwa mtaalamu. Akanijibu, "Mjomba, ukimsogelea na hilo bati nitakufungia wewe kwenye kizimba, na mbwa nitampa funguo."

Naomba asiruhusiwe kumpa hiyo zinki kabla hajaja kunivutia mvukuto na kuungua japo kidole kimoja, ili kazi iwe halali.

LA SABA: MALI YANGU

Hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Shaba iliyomo ndani ya Mkaguzi ni ya nani?

Ilitoka katika bakuli. Bakuli lilitoka katika bamba. Bamba lilitoka katika stoo yangu. Kwa hiyo ini la mbwa yule ni stoo yangu ndogo, na ninyi mnaifungua kila siku kwa vidonge bila kuniita. Na shaba hiyo inakwenda wapi? Nimefuatilia. Inakwenda kwenye nguzo ya taa, kwenye ukuta wa fundi cherehani, na sehemu kubwa kwenye tairi la gari la mwenye nyumba wangu, ambaye sasa anatembea mjini na mali yangu bila hata kusema asante. Ikiwa utajitetea kwamba sehemu nyingine ilitoka kwenye maini ya jirani, hapana shida, mimi na muuza nyama tutagawana kiungwana, akishaanza kunisalimu.

Tena tufikirie mbele zaidi. Kitu chenye shaba kwa ndani na kinachohitaji kutiwa kinga ya madini meupe ni nini? Ni chombo. Na vyombo vya shaba ni kazi ya nani? Yangu. Kwa hiyo mgonjwa huyu kisheria yumo karakana kwangu, na hospitali yako, Ndugu Mkuu, pamoja na geti lake lisilofungika, ni tawi dogo la karakana yangu. Sikulitafuta jambo hili. Limejileta lenyewe tulipofuata hoja. Lakini kwa kuwa limekuja, inabidi nikufahamishe kwamba kuanzia leo wewe uko chini yangu.

LA NANE: UHAMISHO

Kama mkuu wako mpya, amri yangu ya kwanza ni kwamba daktari huyu mwenye miwani ahamishwe. Apelekwe mbali, penye wanyama wasio na ini. Kama wanyama hao hawapo, watafutwe. Matibabu yote yasimame, bakuli lirudi, shaba yote iliyokwisha kutolewa ikusanywe, iyeyushwe, iletwe karakana ikiwa bamba moja safi lisilo na harufu. Na sahani ya waridi irudi kabatini, au angalau ikae mezani mbele yangu.

Naamini utalishughulikia jambo hili kwa haraka ileile ambayo geti lako limekuwa likingojea bawaba.

Nisalimie sana mlinzi wako, yule anayeamini kila mtu mwenye mbwa ni mwizi wa mbwa. Msalimie muuguzi aliyemshika Mkaguzi miguu siku ya sindano akawa anamwimbia. Sauti hana, lakini nia nimeiona. Paka anayelala juu ya mafaili mapokezi, salamu. Yule ng'ombe aliyenikoholea usoni, mwambieni nimesamehe. Mke wangu anakusalimu pia, anasema usinijibu.

Wako mtiifu na, kwa mujibu wa la saba, mkubwa wako wa kazi,

Fundi Shaba, nyuma ya soko.

Nyongeza: Ndugu Mkuu, subiri kidogo kabla hujatekeleza.

Gundi ya bahasha ilikataa kushika. Nikaiweka bahasha juu ya fuawe nikaigonga kidogo kwa nyundo ilainike. Nikasikia kitu chini ya meza. Nikadhani ni panya. Nikagonga tena. Kikajibu. Nikaacha, kikaacha. Nikagonga haraka haraka, na hicho kitu nacho haraka haraka, sakafuni, tapu tapu tapu. Sikuinama kutazama, niliogopa nisije nikakosea. Nimegonga bahasha hiyo mpaka imetoboka, ndiyo maana unaiona imefungwa kwa uzi.

Baadaye ametoka mwenyewe, anayumba kidogo kama mlevi mwenye adabu, amekwenda kwenye sahani ya waridi, amekula wali wote na yai lote, amelamba mpaka maua. Kisha amerudi akatia pua kwenye mfuko wangu wa suruali kukagua. Mke wangu alikuwa mlangoni. Amesema moshi wa makaa umemwingia machoni. Makaa bado sijayawasha.

Kwa hiyo yafuatayo. La nane lifute. Ukimhamisha yule binti nani atamtoa damu, na Mkaguzi hamkubali mwingine, ila akimwona yeye hulala chali bila kuambiwa? La kwanza pia, shaba itavumilia, ina ngozi ngumu. Bakuli msinirudishie. Lifungieni kabatini, na nikija mwenyewe kuliomba kwa maneno matamu, msinipe, mimi najijua. Vidonge vinakaribia kwisha, mtuletee vingine mapema, na hiyo zinki ikifika wakati wake itieni vizuri, pembe zote, msiache mahali pekundu. Sahani ibaki sakafuni. Ile ya plastiki nimeizoea.

Barua hii anakuja nayo mpwa wangu mwenyewe, kaja kumtazama mgonjwa na sasa yuko uani ananawa mikono. Nimemwambia ni ya shukrani. Tafadhali usimwonyeshe.

Shaba mliyokwisha kumtoa, kaeni nayo. Iliyobaki, njooni muichukue.